Mama mkwe asema utamu wa vidonge ni sumu, nami nauza barafu

BARUA

Habari za kazi, mshauri. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mikindani. Naomba usinitaje jina, mtaa wetu ni mdogo na mambo yenyewe ni ya ndani ya nyumba.

Mume wangu, tumwite Baba Zuhura, ana miaka 46 na uzito wa kilo 78. Mwaka juzi aligundulika ana kisukari. Anameza dawa za aina mbili: metformini asubuhi na jioni, na glibenklamidi asubuhi. Ni mtu wa chai, kwa siku vikombe vitano havipungui, na zamani kila kikombe alitia vijiko viwili vya sukari. Kliniki walipomwambia aache, nikamnunulia vidonge vya utamu duka la dawa. Kopo limeandikwa aspatami, miligramu 18 kila kidonge. Anatia viwili kwa kikombe. Jioni nyingine anakunywa na soda moja ya ile isiyo na sukari. Ili asishawishike nikaondoa sukari yote ndani ya nyumba, hata ya wageni. Ninayonunua kwa ajili ya biashara naiacha kwa jirani mwenye friji. Kipimo chake cha asubuhi kabla hajala kimeshuka kutoka 13 hadi 9, nikafurahi.

Kisha mama mkwe akaja kukaa nasi kutoka Newala. Ni mama mwema, sina ugomvi naye. Ila alisomewa ujumbe kwenye simu kwamba Shirika la Afya Duniani limetangaza aspatami inaleta kansa, na tangu hapo kila nikishika kopo anaguna. Hivi karibuni mambo yakaharibika. Baba Zuhura alitoka alfajiri kwenda shambani kuokota korosho. Alikuwa ameshameza dawa, chai kanywa kavu bila kitafunio. Saa saba mchana karudi jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, anaongea ovyo kama mlevi. Mama akasema, "Ndiyo hiyo sumu yenu imeanza kazi." Mimi nikakimbilia jikoni nikamtengenezea chai, nikatia vidonge vitatu apate nguvu. Hakupata nafuu. Wali ulipoiva akala, na haukupita muda mrefu akawa mzima. Mama akalichukua kopo akalitumbukiza chooni.

Sasa mama anamtilia mwanawe asali ya Liwale kwenye chai, anasema asali ni dawa na haimdhuru mwenye kisukari. Baba Zuhura yuko katikati. Mbele ya mama anakunywa ya asali, tukibaki wawili ananiuliza kopo jipya nitanunua lini. Na yeye ana la kwake: tangu aanze vidonge anasema chai haina sukari, kwa hiyo mandazi manne si kitu.

La pili ni biashara. Nauza barafu za ubuyu na ukwaju, shilingi mia mia, wateja wangu ni watoto wa shule na wajawazito. Ndoo ya lita kumi inakula kilo moja ya sukari na inatoa barafu mia. Kilo ya sukari nainunua 3,000. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipopita elfu nne nilikaribia kufunga. Wenzangu wawili tunaouza nao wamehamia kwenye unga wa utamu. Mmoja amenipa pakiti nijaribu: gramu 50, inauzwa 1,500, nyuma imeandikwa 952 asilimia 90 na 954 asilimia 10, utamu mara mia ya sukari. Anasema kijiko kimoja cha chai kilichojaa kinatosha ndoo nzima. Hesabu yake ni kama shilingi 300 badala ya 3,000. Kwa ndoo mbili kwa siku hiyo ni pesa ya kusomesha. Pakiti bado sijaifungua. Zuhura mwenyewe ana miaka minne, kilo 16, na kwenye barafu ndiye mteja wa kwanza.

Ninachojiuliza: kama kitu ni salama kwa mgonjwa, si ndiyo salama zaidi kwa mtoto mzima? Na kama ni sumu kama mama anavyosema, mbona wanaziuza duka la dawa? Nikibadilisha, niwaambie wazazi wa watoto, au ninyamaze kama wenzangu? Na mama nimwambie nini bila kumvunjia heshima?

Mama wa Barafu, Mikindani

JIBU

Mama Zuhura, ahsante kwa kuandika kwa kirefu na kuweka namba. Umetaja uzito wa watu, miligramu za kidonge na ukubwa wa ndoo, na kwa hayo tunaweza kupiga hesabu.

Nikikuelewa vizuri, una maswali mawili umeyafunga furushi moja, chai ya mumeo na barafu za watoto, na katikati yupo mama ambaye ameona kwa macho yake mwanawe akitetemeka. Ila kuna jambo umelisimulia kwa kupita, nami naomba tuanze nalo kabla ya kansa na kabla ya biashara.

Ni siku ile ya shambani. Jasho, mikono kutetemeka, maneno kuchanganyika, halafu kupona baada ya kula: hizo ni dalili za sukari ya damu kushuka mno. Glibenklamidi inaisukuma kongosho itoe insulini iwe mtu amekula au hajala. Mumeo alimeza alfajiri, hakula, akainama juani akiokota korosho mpaka mchana. Zaidi ya hapo, chai yake ya zamani ilikuwa na vijiko kumi vya sukari kwa siku, yaani gramu 40 hadi 50. Huenda dawa ilipangwa wakati sukari hiyo bado inaingia. Imeondoka, dawa imebaki vilevile. Sikuwepo na hakuna aliyempima saa ile, kwa hiyo siwezi kukuapia. Lakini sumu haiponi kwa sahani ya wali.

Sasa tazama vile vidonge vitatu ulivyomtilia. Havikumdhuru, ila havikuwa na cha kumpa. Kidonge cha aspatami kinaudanganya ulimi tu, kwenye damu hakiongezi sukari. Ndiyo maana kinamfaa siku za kawaida, na ndiyo maana siku ile hakikumsaidia. Soda isiyo na sukari nayo isingesaidia.

Kuondoa sukari yote nyumbani ulikufanya kwa nia njema, lakini kwa mtu anayetumia glibenklamidi au sindano ya insulini, nyumba isiyo na sukari hata chembe ina hatari yake. Dalili zile zikirudi, mpime kama mna mashine. Ikisoma chini ya 4, au kama hakuna mashine na dalili ni zilezile, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari ya kweli, gramu 15 hivi, vilivyokorogwa kwenye nusu glasi ya maji. Soda ya kawaida kiasi cha mililita 150 inafanya kazi hiyohiyo. Subiri dakika 15. Kama hajatulia, rudia. Akitulia ndipo ale chakula, maana wali peke yake unachelewa kufika kwenye damu. Akiwa hawezi kumeza au amepoteza fahamu, usimtilie kitu chochote mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu na mpelekeni hospitali mara moja. Hata akizinduka nyumbani, msiseme yamekwisha. Glibenklamidi inakaa mwilini saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena usiku.

Kliniki hawajui habari ya siku ile mpaka muwaambie. Wanaweza kupunguza kipimo, kubadilisha saa ya kumeza au kubadilisha dawa yenyewe. Asiache dawa kwa uamuzi wake, wala wewe usimpunguzie. Kama ni mfungaji, hilo alizungumze nao mapema kabla ya Ramadhani, kwa sababu kumeza dawa hii kisha kushinda bila kula ndilo tukio lile la shambani likirudiwa kila siku.

Tuje kwenye kansa. Mama hakuzua. Julai 2023 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani, kilichopo Lyon, Ufaransa, kiliiweka aspatami kwenye kundi linaloitwa 2B, yaani vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani lakini ushahidi wake kwa binadamu ni mdogo. Kwa aspatami, uliotajwa ni wa saratani ya ini. Kundi hilohilo lina dondoo ya jani zima la mshubiri. Kundi linajibu swali moja tu: kuna dalili yoyote kwamba kitu hiki kinaweza kudhuru? Halisemi ni kiasi gani kinachodhuru. Swali la kiasi linajibiwa na kamati nyingine, ya wataalamu wa viungio vya chakula wa shirika hilo pamoja na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, nayo ilitoa jibu wakati uleule: kiwango kinabaki miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, maisha yote. Ujumbe uliosambazwa kwenye simu ulibeba nusu ya kwanza, nusu ya pili ikaachwa.

Kwa mumeo, kilo 78 mara 40 ni miligramu 3,120. Anatumia vidonge kumi, miligramu 180. Soda yake moja, ukiihesabia ya juu, ni miligramu 300. Jumla 480. Ili afike kwenye kikomo kwa vidonge peke yake angehitaji zaidi ya 170 kwa siku. Na kikomo chenyewe si mstari wa sumu: wataalamu huchukua kiasi ambacho hakikuwadhuru wanyama wa maabara, wakakigawa kwa mia moja.

Nisikufiche upande wa pili. Mei 2023 shirika hilohilo lilishauri watu wasitumie vitu hivi kwa lengo la kupunguza unene, kwa sababu tafiti za kufuatilia watu miaka mingi zilionyesha wanaovitumia sana wanapata zaidi kisukari na magonjwa ya moyo. Tafiti hizo zina kasoro inayojulikana: anayekimbilia utamu bandia mara nyingi ni yule aliyekwisha kunenepa, kwa hiyo ni vigumu kujua kipi kilitangulia. Ushauri huo wenyewe ulisema hauwahusu wale ambao tayari wana kisukari. Mumeo yuko nje yake, lakini wewe na watoto mmo ndani.

Kuna watu wachache ambao aspatami imekatazwa kwao kabisa: waliozaliwa na ugonjwa ambao mwili hauwezi kuchakata fenilalanini, ndiyo maana makopo yana onyo hilo. Kama kopo jipya litanunuliwa, kidonge kitiwe kikombeni wakati wa kunywa, kisitiwe ndani ya chupa ya chai asubuhi. Aspatami ikikaa kwenye joto inavunjika na utamu unapotea taratibu. Kikombe cha mchana kinakuwa kimepooza, naye anaongeza viwili vingine.

Mandazi manne ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko kopo. Andazi moja la ukubwa wa kawaida lina wanga wa gramu 20 na ushee, na wanga ule unageuka sukari mwilini. Manne ni 80. Yaani alichookoa kwenye chai siku nzima amekirudisha karibu mara mbili kwa kitafunio kimoja. Pengine ndiyo sababu kipimo cha asubuhi kimegota kwenye 9, wakati lengo linalotajwa kwa wengi kabla ya kula ni kati ya 4 na 7. Sisemi umnyang'anye mandazi. Muulize yeye anaona angeweza kuishi na mangapi, mawili na yai la kuchemsha au samaki pembeni, na wakati huo akumbuke kwamba kutoka nyumbani akiwa na dawa tumboni bila chochote ni hatari ya upande wa pili.

Na asali? Ni chakula kizuri, lakini sehemu kubwa yake, kama asilimia 80, ni sukari. Kijiko cha chai cha asali ni kizito kuliko cha sukari na kinaingiza gramu 5 hadi 6. Sukari guru na tende ni hivyohivyo. Kwa mwenye kisukari asali ni sukari iliyobadili rangi, na anaweza kuila kwa hesabu hiyo tu. Tena asali hiyohiyo ingemsaidia siku ya shambani kuliko vidonge vyako. Mama hakukosea kila kitu.

Sasa barafu. Umeuliza: kilicho salama kwa mgonjwa si ndiyo salama zaidi kwa mtoto mzima? Ni swali la haki, lakini lina dhana mbili ndani yake. Ya kwanza, kwamba kilichomo kwenye pakiti ya mwenzio ndicho kilichomo kwenye kopo la mumeo. Sivyo. Namba 951 ndiyo aspatami. Pakiti yako ina 952, siklameti, na 954, sakarini. Ni vitu tofauti, na vikomo vyake ni vidogo zaidi. Dhana ya pili ni kwamba afya ndiyo inayoamua, wakati kwa viungio hivi kinachoamua kwanza ni uzito. Zuhura ana kilo 16, baba yake 78.

Sakarini ina historia yake. Iligunduliwa mwaka 1879, na miaka ya 1970 ilishukiwa kuleta saratani ya kibofu kwa sababu ya panya wa maabara. Baadaye ikaonekana madhara yale yanatokana na namna mkojo wa panya dume ulivyo, na mwaka 2000 Marekani ikaiondoa kwenye orodha ya vitu vya kuogopwa. Siklameti hadi leo hairuhusiwi Marekani tangu 1969, lakini nchi nyingine nyingi zinaikubali kwa kipimo. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye vinywaji, miligramu 250 kwa lita, ila mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliitoa kwenye pipi na aiskrimu, na sababu ilikuwa watoto: miili midogo, vitu vingi vitamu kwa siku.

Chukua ndoo yako. Kilo moja ya sukari ni sawa na gramu 10 za unga ule, na ndani yake siklameti ni gramu 9. Viwango huhesabiwa kwa asidi yake, kwa hiyo tuseme gramu 8. Gawa kwa barafu mia: kila moja ina miligramu 80 hivi. Kikomo cha kamati ya kimataifa ni miligramu 11 kwa kilo ya uzito, cha Ulaya ni 7. Kwa Zuhura ni 176 au 112. Barafu mbili zinamfikisha 160. Ya tatu inavuka vikomo vyote viwili, na kwa hesabu ya Ulaya hata ya pili imevuka. Sakarini katika mchanganyiko huo ni ndogo, miligramu 10 kwa barafu wakati kikomo chake cha kimataifa kwa Zuhura ni 80 kwa siku, hiyo haitusumbui. Lakini ukipewa unga wa sakarini tupu siku nyingine, barafu moja itakuwa na kama 33, na tatu zitavuka kikomo hicho.

Kuvuka siku moja hakumwangushi mtoto. Kikomo ni cha kila siku kwa maisha yote na kina nafasi ya usalama ndani yake. Ila wewe unauza kila siku, watoto walewale, na barafu siyo utamu wao pekee. Zile juisi za unga za pakiti ndogo za dukani nyingi zina namba hizohizo, kuanzia 950 hadi 955. Mtoto hakusanyi namba hizo kichwani, mwili unazipokea zote.

Na hesabu hiyo ni ya gramu 10 kamili. Mwenzio anapima kwa kijiko kilichojaa. Mkono wa leo unatoka na gramu 7, wa kesho na 14. Kwa sukari tofauti hiyo haionekani, lakini kwa kitu chenye utamu mara mia ndiyo inayoharibu kila kitu. Ukizidisha, barafu inaacha uchungu mwishoni mwa ulimi, wauzaji wengine wakadhani utamu haujatosha wakaongeza. Kuna na hili la kuganda: sukari ndiyo inayoifanya barafu iwe laini na ishike ladha. Ukiiondoa yote, barafu inakuwa ngumu, mtoto ananyonya rangi na ukali wa ubuyu dakika za mwanzo, kisha anabaki na kipande cheupe cha maji. Wateja wanalijua hilo hata kama hawajui sababu.

Kubaki na kilo nzima ya sukari nako si kutakatifu. Kila barafu ina gramu 10 za sukari. Tatu ni 30, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima sukari ya kuongezwa ishuke hadi kama 25 kwa siku, na mtoto chini ya hapo. Meno ya watoto wanaonyonya barafu polepole ndiyo ya kwanza kulipa. Kwa hiyo sioni njia isiyo na gharama, naona njia tatu zenye gharama tofauti.

Unaweza kushusha sukari peke yake, taratibu, gramu 50 kila baada ya siku kadhaa, mpaka 700 kwa ndoo. Unaokoa shilingi 900. Ubaridi unapunguza utamu mdomoni, kwa hiyo onja barafu ikiwa imeganda, usionje maji ya ndoo. Ubuyu mkali utahitaji kupunguzwa kidogo ukali wake, na msimu wa maembe ukichanganya embe bivu unapata utamu wa bure. Hasara yake: faida ni ndogo kuliko ya wenzio, na wiki za mwanzo kuna watoto watakaokunja uso.

Unaweza kwenda nusu kwa nusu: gramu 500 za sukari na gramu 5 za unga. Kila barafu inabeba siklameti 40 hivi, Zuhura anafika barafu nne kabla ya kikomo cha kimataifa na mbili kwa cha Ulaya. Unaokoa kama 1,350 kwa ndoo, na barafu haipotezi ulaini wote. Ukichagua hii, achana na kijiko. Yeyusha pakiti nzima ya gramu 50 kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Mililita 100 za maji hayo ndizo gramu 5. Pima kwa chombo chenye mistari, weka chupa kwenye friji ya jirani yako, iandike, ikae mbali na watoto.

Au unaweza kuhamia kwenye unga mtupu kama wenzio, ukapata ile 2,700. Hatari zake nimekutajia, nawe ndiye unayejua mtoto wa mtaani kwenu ananunua ngapi kwa siku.

Kwa njia yoyote kati ya mbili za mwisho, kagua pakiti: jina la mtengenezaji, tarehe ya kuisha, alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na asilimia ya kila namba. Unga uliofungwa upya kwenye vifuko vya nailoni bila maandishi hauwezi kupigiwa hesabu hata moja niliyoifanya hapa. Wajawazito nao uwafikirie. Sakarini inapita kondo na kumfikia mtoto, na wapo wahudumu wa kliniki wanaowashauri waikwepe wakati wa mimba.

Kuhusu kuwaambia wazazi, naelewa unachoogopa: utasema wewe, watahamia kwa anayenyamaza. Inaweza kutokea. Kuna na upande mwingine. Mtaa ulioeneza ujumbe wa kansa mpaka ukamfikia mama wa Newala utajua tu siku moja kilichomo kwenye ndoo, na kusikia kwa wengine si sawa na kukusikia wewe. Wapo wauzaji wanaotenganisha: ya sukari ina rangi hii, ya mchanganyiko rangi ile, mteja anachagua. Wewe uko tayari kwa lipi? Ungeweza kumtazama jirani machoni akikuuliza? Majibu ya maswali hayo unayo wewe.

Kwa mama, sidhani heshima inavunjika kwa kumweleza, inavunjika kwa kubishana naye mbele ya mwanawe. Baba Zuhura ndiye mwenye kinywa na ndiye mwenye mama. Si vyema wewe ubebe ujumbe wake huku yeye akinywa vikombe viwili vya siri. Pengine siku ya kliniki, hospitali ya Ligula au zahanati yenu, waende wote wawili, wabebe chupa ya asali, kopo jipya na dawa zake zote, mama amuulize mhudumu mwenyewe. Mama akilisikia kwa mhudumu, si lazima tena wewe na yeye mshindane.

Na kuna kazi ambayo mama anaiweza kuliko yeyote. Mchana wewe uko kwenye barafu, yeye ndiye aliyepo nyumbani. Ndiye aliyeziona zile dalili wa kwanza na akajua kuna jambo, jina tu ndilo alilokosa. Mwonyeshe sukari itakapokaa, vijiko vitatu, nusu glasi, dakika 15. Mwekee kwenye simu namba ya bodaboda mnayemwamini na ya dereva wa bajaji, maana mgonjwa asiyejitambua hapandi pikipiki, na kutoka Mikindani hadi Ligula si mwendo wa miguu.